Kuhamishia deni la Bodi kwenye hati ya nyumba: hesabu ya kufanya kabla ya saini

Kuna wazo linalozunguka sana siku hizi miongoni mwa waajiriwa wa Dar es Salaam, hasa wale waliosoma kwa mkopo wa serikali na sasa wana nyumba Kibada, Goba, Madale au Kinyerezi. Linaenda hivi. Una mkopo wa nyumba benki, na kila mwezi Bodi ya Mikopo inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Inakuja benki nyingine na kukuambia itanunua deni lako la nyumba kwa riba nafuu, na juu ya hapo itakuongezea fedha za kumaliza deni la Bodi kwa mkupuo mmoja. Unabaki na deni moja na rejesho moja, na mshahara unaanza kupumua.

Ndani ya wazo hilo kuna mambo mawili tofauti. La kwanza, kupata riba nafuu kwenye mkopo wa nyumba, ni jambo zuri kabisa. La pili, kuliingiza deni la masomo kwenye rehani, linaweza kumgharimu mtu zaidi ya milioni ishirini bila yeye kujua zilipotelea wapi. Yote mawili huletwa kwenye karatasi moja, na faida ya lile zuri huifunika hasara ya lile lingine. Nimewaona watu makini, wenye shahada za uhasibu, wakishangilia punguzo la makato bila kujiuliza punguzo hilo limetoka upande gani. Makala haya yanajaribu kutenganisha pande hizo, kwa namba.

Deni la Bodi ni deni la namna gani

Wengi tunalilipa bila kulijua. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mwajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hasira za wakati ule bado zipo vifuani mwa watu. Mtu alikuwa amepanga maisha yake kwa makato ya awali, amechukua kiwanja cha kulipia kidogo kidogo, halafu karatasi ya mshahara ikaja na namba mpya.

Kilichouma zaidi, hata hivyo, kilikuwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, ile iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Ulikuwa unakatwa mwezi hadi mwezi, ukienda kuangalia salio unalikuta halishuki, na kwa wenye mishahara midogo lilikuwa linapanda. Siku ya Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Tangu ilipofutwa, deni la Bodi ni deni lisilozaa. Ukidaiwa milioni 18 leo na ukakatwa laki tatu, mwezi ujao unadaiwa milioni 17 na laki saba. Hakuna kinachoongezeka kwa sababu tu siku zimepita.

Hapa ndipo hesabu nzima inapogeukia. Deni lisilo na riba, katika nchi ambayo bei za vitu hupanda kwa takribani asilimia tatu kila mwaka, linapungua uzito lenyewe. Shilingi laki tatu utakayokatwa mwaka 2030 itanunua vitu vichache kuliko laki tatu ya leo. Mkopeshaji ndiye anayepoteza kidogo, wewe ndiye unayepata. Mshahara wako ukipanda, makato nayo yatapanda kwa sababu ni asilimia, lakini hapo unamaliza mapema kwa fedha zilezile.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba deni la Bodi halijashika kitu chako. Halina hati, halina gari, halina shamba. Lina nguvu ya kisheria, ndiyo: mwajiri analazimika kukukata, na taarifa za mdaiwa sugu zinaweza kupelekwa kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, jambo litakalokusumbua siku ukienda kukopa kwingine. Lakini hakuna dalali atakayegonga geti lako Chanika kwa sababu ya ada ya Mlimani uliyolipiwa mwaka 2009.

Rehani ni kitu kingine

Mkopo wa nyumba wa benki umejengwa kwenye hati. Unaiacha hati yako, rehani inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na mpaka shilingi ya mwisho ilipwe nyumba hiyo huwezi kuiuza wala kuigawa bila benki kujua. Riba za mikopo hii hapa nchini, kwa miaka ya karibuni, zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Zimeshuka ukilinganisha na zamani, lakini bado ni riba nzito, na inapozidishwa kwa miaka kumi au kumi na tano inatoa namba za kutisha.

Kuhamisha mkopo wa nyumba maana yake ni kuchukua mkopo mpya unaoufuta ule wa zamani. Hapa mjini watu husema benki fulani imenunua deni. Inaweza kuwa benki yako ileile ikikupa masharti mapya, au nyingine inayomlipa mkopeshaji wa kwanza na kuichukua hati. Wengi husikia jina la Tanzania Mortgage Refinance Company, iliyoanzishwa mwaka 2010, wakadhani huko ndiko kwa kupeleka maombi. Kampuni hiyo huzikopesha benki zenyewe fedha za muda mrefu, ili ziweze kutoa mikopo ya nyumba ya miaka mingi ilhali amana za wateja wao ni za muda mfupi. Mwenye nyumba hana dirisha pale. Mazungumzo yako ni na benki.

Na uhamisho una gharama zake, ambazo afisa wa mikopo huzitaja haraka haraka mwishoni: ada ya kuandaa mkopo, mthamini wa kuja kuikagua nyumba upya, mwanasheria, ushuru wa stempu, kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto. Benki unayoihama nayo inaweza kukutoza kwa kulipa kabla ya muda. Ziombe zote kwa maandishi, zikiwa zimejumlishwa, kabla hujaanza kufurahia asilimia mbili au tatu za punguzo.

Mshahara wa milioni mbili

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye namba ambazo mtu yeyote wa ofisini ataweza kuzifuatilia. Mhasibu wa kampuni binafsi, mshahara wa msingi shilingi 2,000,000. NSSF anakatwa 200,000. Kodi ya mapato inachukua 368,000. Bodi, asilimia 15, ni 300,000, na bado inamdai 18,000,000. Mkopo wa nyumba umebaki 25,000,000 kwa riba ya asilimia 19 inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, na miaka 12 mbele yake. Rejesho la kila mwezi ni kama 441,800. Mkononi anabaki na 690,000 hivi. Kwa hizo anakula, anasafiri kwenda mjini na kurudi, analipa ada za watoto, na anatuma kidogo kwa wazazi.

Benki mpya inamjia na riba ya asilimia 15 kwa miaka 12 ileile. Itanunua milioni 25 na kumpa milioni 18 za kumalizana na Bodi; jumla 43,000,000. Rejesho jipya ni 645,400 kwa mwezi. Zamani alikuwa anatoa 741,800 ukijumlisha Bodi na nyumba. Sasa ameokoa zaidi kidogo ya 96,000 kila mwezi. Nani angekataa?

Tuifungue hiyo 96,000. Kama angehamisha mkopo wa nyumba peke yake, milioni 25 kwa asilimia 15, rejesho lingeshuka kutoka 441,800 hadi 375,200. Hapo pekee kuna punguzo la 66,600. Hilo ni halali yake, limetokana na riba kushuka, na halihusiani na Bodi hata chembe. Baada ya miezi 144 lingekuwa limemwachia zaidi ya milioni tisa na nusu, kabla ya kutoa gharama za uhamisho.

Sehemu iliyobaki, kama 29,800 kwa mwezi, ndiyo iliyotokana na kuliingiza deni la Bodi. Badala ya kukatwa 300,000 kwa ajili ya Bodi, sasa analipa takribani 270,200 benki kwa milioni 18 zilezile. Unafuu wa shilingi 29,800. Na kwa unafuu huo amekubali nini? Bodi ingemaliza kumkata baada ya miezi 60, miaka mitano kamili, akiwa amelipa milioni 18, bila shilingi ya ziada. Benki itamkata 270,200 kwa miezi 144, na mwisho wa safari atakuwa amelipa milioni 38.9 kwa deni hilohilo.

Tofauti ni shilingi milioni 20.9. Kwa fedha hiyo mtu anapaua nyumba, au anamlipia mtoto chuo kikuu bila kumwingiza kwenye mkopo kama ule aliouchukua yeye.

Hasara hii haionekani mapema. Miaka mitano ya kwanza mhasibu wetu yuko mbele. Kila mwezi ana 29,800 ambayo asingekuwa nayo. Kuanzia mwezi wa 61 mambo yanageuka. Mwenzake aliyeiacha Bodi iendelee kukata amemaliza, na sasa anatoa 375,200 tu kwa nyumba. Yeye bado anatoa 645,400, na ataendelea hivyo kwa miaka saba mingine. Wakati huo watoto wako sekondari, wazazi wamezeeka, na ndiyo miaka ambayo mshahara huhitajika kuliko miaka yote.

Utasikia dada mtu akimwambia mdogo wake: "Bora udaiwe na mmoja, mdogo wangu, upumzishe akili." Ninaielewa kauli hiyo. Kudaiwa huku na kule kunachosha, na kuna utulivu wa kweli katika kuona mstari wa Bodi umetoweka kwenye karatasi ya mshahara. Lakini utulivu huo una bei, na kwa mfano huu bei yake ni milioni 20.9. Mtu akiijua bei na bado akaamua kuilipa, ni haki yake. Ninachopigania ni aijue kabla ya saini.

Wazo lilikotoka

Ushauri wa kulipa deni la chuo kwa kutumia nyumba umetujia zaidi kutoka Marekani, kupitia video na makala za mambo ya fedha, na huko ulikuwa na mantiki yake. Mikopo ya serikali ya wanafunzi nchini humo ina riba. Kwa mwaka wa masomo 2023–24, ilikuwa asilimia 5.50 kwa wa shahada ya kwanza na 7.05 kwa wa shahada za juu, na wazazi wanaokopa kwa ajili ya watoto walitozwa 8.05. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 ulishuka hadi wastani wa asilimia 2.65 mwezi Januari 2021. Mtu anayelipa saba kwa chuo na kuweza kukopa kwa chini ya tatu kupitia nyumba ana sababu ya kufikiri. Kampuni ya Fannie Mae, ambayo hununua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, mwaka 2017 iliweka utaratibu maalumu wa kuwawezesha wenye nyumba kufanya hivyo.

Kwetu mishale imeelekea upande wa pili. Deni la chuo liko sifuri, la nyumba liko kumi na tano. Ukiuchukua ushauri wao kama ulivyo, unahama kutoka penye nafuu kwenda penye ughali.

Na hata huko Marekani, kuna waliojuta kwa sababu ambayo sisi tunapaswa kuiangalia kwa makini. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, serikali yao ilisimamisha marejesho ya mikopo yake ya wanafunzi na kuishusha riba hadi sifuri. Riba ilianza tena Septemba 2023. Zaidi ya miaka mitatu ya nafuu. Aliyekuwa amekwisha kuhamishia deni lake kwenye nyumba hakuguswa na nafuu hiyo, kwa kuwa serikali haikuwa inamdai tena.

Hapa kwetu tumeliona jambo hilohilo. Mtu aliyekopa benki mwaka 2019 ili aikimbie ile tozo ya asilimia 6 alikuwa na hasira ya haki, lakini tozo ilipofutwa mwaka 2021 yeye alikuwa anadaiwa na benki kwa riba kubwa zaidi ya hiyo sita. Deni la serikali linaweza kuguswa na sera: rais anaweza kutangaza, Bunge linaweza kurekebisha, asilimia inaweza kushuka. Inaweza pia kupanda, kama tulivyoona mwaka 2016. Deni la benki linaongozwa na mkataba ulioutia saini, na mara nyingi mkataba huo unaipa benki nafasi ya kuipitia riba upya soko likibadilika. Kipengele hicho kitafute. Riba ya asilimia 15 inayoweza kupanda na riba ya asilimia 15 isiyobadilika ni mikopo miwili tofauti.

Siku mshahara ukikoma

Hesabu zote hapo juu zinadhani mshahara utaingia kwa miezi 144 mfululizo. Dar es Salaam tunajua kampuni zinavyofunga, miradi ya wafadhili inavyoisha, mikataba ya miaka miwili isivyohuishwa.

Ukipoteza kazi ukiwa na deni la Bodi, makato yanasimama kwa kuwa hakuna mshahara wa kukatwa. Wajibu unabaki, na aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake au kiwango kisichopungua 100,000 kwa mwezi. Ni mzigo kwa mtu anayeanza genge au duka la vipuri, lakini unaongeleka, na hauna dhamana nyuma yake. Ukipoteza kazi ukiwa na deni hilohilo ndani ya rehani, rejesho la benki linakusubiri tarehe ileile.

Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2008 yaliyokuja na sheria ya mikopo ya nyumba, inaitaka benki ikupe notisi ya siku 60 kabla ya kutumia haki yake ya kuuza. Siku 60 ni miezi miwili. Kutafuta kazi nyingine kunaweza kuchukua mwaka. Sheria pia inamtaka muuzaji atafute bei nzuri inayowezekana. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inahesabika kwamba wajibu huo haukutimizwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani. Ni kinga ya kweli, lakini ni kinga ya kupigania kwenye kesi, mawakili wakiwa wanalipwa, wewe ukiwa umeshatoka ndani ya nyumba.

Kwa hiyo nikiulizwa hatari kubwa ya mpango huu, sitaanza na milioni 20.9. Nitaanza na hili: deni ambalo lilikuwa halina meno juu ya nyumba yako, umelipatia meno kwa mkono wako.

Na si mkono wako peke yako. Nyumba mnayoishi kama familia haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzi; kifungu cha 114 cha sheria hiyohiyo kinalisema hilo wazi, na mkopaji ana wajibu wa kueleza kama ana mke au mume. Mkopo mpya unahitaji ridhaa mpya. Wapo wanaoificha Bodi kwa wenzi wao kwa sababu ni deni la kabla ya ndoa. Ukiliingiza kwenye nyumba limekuwa la ndoa, na mwenzako ana haki ya kukaa mezani na hizi namba mbele yake, zote, kabla mwanasheria hajaitwa.

Nyumba isiyo na deni

Wengi wa wenye nyumba Dar hawakukopa benki. Walijenga mdogo mdogo: tofali mwaka huu, bati mwaka unaofuata, wakahamia kabla ya dari. Kwao swali linakuja kwa sura nyingine: hati ipo kabatini, haidaiwi, kwa nini isifanye kazi? Waiweke benki, wapate milioni 18, wamalizane na Bodi, wabaki na mshahara kamili.

Kwa mtu huyu mpango ni mbaya zaidi, kwa sababu hana hata ule upande mzuri wa riba ya zamani kushuka. Anaanzisha riba pasipokuwa na riba, na anaweka rehani pasipokuwa na rehani. Kama alicho nacho ni leseni ya makazi ya eneo lisilopimwa, ambayo ni ya muda mfupi ukilinganisha na hati ya miaka 33, 66 au 99, atapewa mkopo wa miaka michache kwa masharti magumu, na rejesho linaweza kuwa kubwa kuliko makato ya Bodi aliyokuwa anayakimbia.

Panapofaa

Yapo madeni ya masomo ambayo si ya Bodi, na hayo yana hesabu nyingine. Mtu aliyelipia shahada ya uzamili kwa mkopo wa riba kali, au kwa ile ya mtaani tunayoiita kausha damu ambapo riba huhesabiwa kwa wiki au kwa mwezi, yuko kwenye moto. Kuhamishia deni hilo kwenye mkopo wa asilimia 15 ni kutoka motoni, hata kama hati inahusika. Sharti langu ni moja: sehemu hiyo uilipe kwa muda mfupi, miaka miwili au mitatu, kama mkopo wenye ratiba yake. Usiache deni la ada ya miezi 18 litambae kwa miaka 12.

Aliyesoma nje na anadaiwa kwa dola naye ana hoja. Analipwa kwa shilingi, na mwaka 2023 na sehemu kubwa ya 2024 tuliona jinsi shilingi inavyoweza kushuka mbele ya dola huku dola zenyewe zikiadimika. Kubadilisha deni la dola kuwa la shilingi kunaondoa hofu hiyo, na inaweza kufaa kulipa riba kubwa kidogo kwa ajili hiyo. Apige hesabu ya riba zote mbili kwanza.

Kuna pia wale ambao Bodi inawazuia kupata mkopo wa nyumba wenyewe. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, na benki huangalia kipimo kama hicho hata kwa sekta binafsi. Asilimia 15 ya Bodi inakula nafasi hiyo. Kama salio limebaki dogo, tuseme miezi mitano au sita ya makato, kulimaliza kwa akiba yako au kwa mkopo mdogo wa SACCOS kabla ya kupeleka maombi kunaweza kukufungulia mlango. Kama limebaki milioni 18, mlango huo utafunguka kwa kusubiri au kwa kutafuta nyumba ya bei ndogo.

Na mwenye fedha kidogo ya ziada, bonasi au mafao ya mradi, mara nyingi huikimbizia Bodi kwanza ili aondokane nayo. Kwa riba za sasa ningemshauri aielekeze kwenye nyumba. Turudi kwa mhasibu wetu akiwa amehamisha ule mkopo wa milioni 25 peke yake. Akipata milioni 3 mwanzoni na kuziweka kwenye deni la nyumba, huku akiendelea kulipa 375,200 ileile, atamaliza baada ya miezi 107 badala ya 144. Milioni 3 zimemfutia marejesho ya zaidi ya milioni 14. Angezipeleka Bodi, angemaliza miezi kumi mapema na asingeokoa riba yoyote, kwa sababu haikuwepo. Aiulize tu benki, tena kwa maandishi, kama malipo hayo ya ziada yatapunguza deni la msingi au yatakaa kama akiba ya marejesho yajayo. Jibu hilo linabadilisha kila kitu.

Ukiamua kuendelea

Kuna atakayesoma yote haya na bado akaona hali yake inamtaka alipe Bodi kwa mkopo. Basi alifanye vizuri.

Aanze na salio. Achukue taarifa ya deni lake Bodi na kuilinganisha na karatasi za mshahara, mwaka kwa mwaka. Waajiri wengine walikata na kuchelewa kupeleka, au walipeleka kwa majina yaliyokosewa, na fedha hizo hazionekani kwenye salio mpaka ulete ushahidi. Ni huzuni kukopa kwa asilimia 15 ili ulipe makato uliyokwisha kukatwa mwaka 2014.

Aombe benki itenganishe mikopo miwili: wa nyumba kwa miaka yake, na ule wa Bodi kwa muda usiozidi ule ambao Bodi ingemaliza kumkata. Kwenye mfano wetu, milioni 18 kwa asilimia 15 kwa miaka mitano ni rejesho la kama 428,200 kwa mwezi. Namba hiyo, ikilinganishwa na laki tatu ya Bodi, huwafanya watu wengi waahirishe mpango papo hapo, na kama ingekuwa mimi ningeahirisha.

Malipo yaende moja kwa moja kutoka benki kwenda Bodi kwa namba ya malipo ya serikali, bila kupita kwenye akaunti yake. Milioni 18 zikilala kwenye akaunti ya mtu wiki mbili Dar es Salaam, zitapata kazi nyingine: msiba, kiwanja cha bei ya kutupwa Mbagala, gari la rafiki anayehama. Baada ya malipo kuonekana, achukue barua ya Bodi inayothibitisha kwamba deni limekwisha na kuipeleka kwa afisa rasilimali watu kabla orodha ya mishahara ya mwezi haijafungwa. Halafu asome karatasi ya mshahara wa mwezi huo, na wa mwezi unaofuata. Makato yakiendelea baada ya deni kwisha, fedha hizo ni zake. Aombe kurejeshewa kwa barua, akiambatanisha karatasi za mshahara za miezi yote aliyokatwa zaidi.